Sergei Korsakov: Daktari aliyemtetea mlevi anayesahau

MFANYABIASHARA anayechukua mzigo kwa mali kauli hana dhamana kubwa kuliko kumbukumbu yake. Anakumbuka amechukua magunia mangapi, kwa bei gani, amelipa kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Siku akikana deni ambalo watu watatu walilishuhudia, jina lake linaharibika sokoni na hakuna atakayemwamini tena hata kwa debe moja la maharage.

Yupo, hata hivyo, mtu anayekana deni bila kudanganya. Jana alipokea fedha, leo hana habari nazo. Ukimbana, anakueleza kwa utulivu kwamba jana alikuwa safarini, na anakutajia hata mji aliolala, ilhali majirani wote walimwona nyumbani. Kama ni mtu aliyekunywa pombe kwa miaka mingi, watu hucheka na kusema pombe imemfanya mwongo. Ni wachache wanaofikiri kwamba ubongo wake umeumia, na kwamba palikuwa na siku chache ambazo angeweza kuokolewa.

Daktari aliyeifanya hali hiyo ijulikane kwa wenzake duniani alikuwa Mrusi, Sergei Sergeyevich Korsakov. Ugonjwa huo una jina lake hadi leo. Aliishi miaka 46 tu, lakini namna alivyowapima wagonjwa wake bado inafundishwa, na ina manufaa kwa yeyote mwenye ndugu, dereva au mshirika wa biashara ambaye chupa imemshinda.

Mtoto wa kiwanda cha vioo

Korsakov alizaliwa mwaka 1854 katika mji mdogo wa viwanda wa Gus-Khrustalny, jimbo la Vladimir, mashariki mwa Moscow. Baba yake alikuwa meneja wa kiwanda cha vioo. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka saba, mwaka 1861, Urusi ilifuta mfumo uliowafanya mamilioni ya wakulima kuwa kama mali ya mabwana wenye ardhi. Miaka miwili baadaye serikali ilibadilisha namna ya kutoza kodi ya vodka. Kinywaji hicho kikawa rahisi kupatikana, na kodi yake ikaendelea kuwa sehemu kubwa ya mapato ya dola. Korsakov alikulia katika nchi ambayo pombe ilijaza hazina ya serikali na wakati huo huo ikajaza vitanda vya hospitali.

Shuleni alikuwa hodari. Mwaka 1870 alimaliza sekondari Moscow kwa medali ya dhahabu, na akiwa na miaka 16 akaingia Chuo Kikuu cha Moscow kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1875, akaajiriwa katika Hospitali ya Preobrazhensky, hospitali ya wagonjwa wa akili ya jiji hilo.

Hakukaa huko muda mrefu kabla ya kuhamia kliniki ya magonjwa ya mishipa ya fahamu, chini ya Profesa Aleksei Kozhevnikov. Alifanya kazi hapo kuanzia 1876 hadi 1879, kisha akarudi kwa wagonjwa wa akili. Kupita huku na huku ndiko kulikomfaa baadaye. Wakati ule aliyetibu akili hakuhangaika sana na miguu ya mgonjwa, na aliyetibu miguu na mishipa hakumuuliza mgonjwa jana alikula nini. Korsakov alijifunza kazi zote mbili, akawa anaangalia pande zote mbili za mtu yule yule.

Miguu na kumbukumbu

Mwaka 1887 alitetea tasnifu yake ya udaktari wa juu. Mada yake ilikuwa kupooza kunakoletwa na pombe. Wagonjwa aliowaandika walikuwa watu ambao miguu yao ilianza kwa ganzi na maumivu ya kuchoma, ikafuata kulegea, na mwisho baadhi wakashindwa kusimama. Madaktari wengine nao walikuwa wameiona hali hiyo kwa walevi. Korsakov aliuliza swali la pili: kwa nini wengi wa wagonjwa hawa wa miguu wana kasoro ya aina moja katika kumbukumbu?

Kasoro yenyewe haikuonekana haraka. Ukimkuta mgonjwa wa namna hii kwa mara ya kwanza ungeweza kuapa kwamba ni mzima. Anakusalimia vizuri, anajadili mambo kwa akili, anatania, anacheza karata au sataranji na anajua kila sheria ya mchezo. Mambo ya ujana wake anayasimulia bila kukosea. Lakini toka nje, rudi baada ya dakika tano, naye anakusalimia kama vile hamjaonana siku hiyo. Anarudia kisa kile kile kwa maneno yale yale. Anasoma ukurasa mmoja tena na tena, na kila mara ni mpya kwake. Mchezo wa karata ukishaondolewa mezani, hakumbuki kwamba alicheza.

La pili ndilo lililowaletea wagonjwa hao sifa ya uongo. Mtu ambaye hajatoka kitandani kwa wiki kadhaa, miguu haimbebi, anaulizwa jana alikuwa wapi. Badala ya kusema hakumbuki, anasimulia safari: alikwenda mahali fulani, akaonana na watu fulani. Hasemi hivyo ili apate faida yoyote. Ubongo umekuta pengo na kulijaza kwa vipande vya kumbukumbu za zamani, na mwenyewe anaamini anachosema. Anayedanganya anaujua ukweli na kuuficha, lakini huyu ukweli wenyewe hanao.

Korsakov alitaka pia kujua kama kila kitu kimefutika kabisa. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa akitibiwa kwa mashine ndogo ya umeme, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Kila akiulizwa, alikana kuwahi kutibiwa hivyo. Lakini alipoonyeshwa sanduku la mashine, alisema huenda daktari amekuja kumtia umeme, ingawa mashine hiyo alikuwa ameifahamu baada ya kuugua. Korsakov akaona kwamba alama fulani imebaki ndani, japokuwa mgonjwa hawezi kuitoa nje kwa hiari yake. Utafiti wa kumbukumbu uliofanywa karne iliyofuata ulikubaliana naye.

Hakuwa na mashine ya kupiga picha ya ubongo. Alichokuwa nacho ni muda wa kukaa na mgonjwa, kumsikiliza, kumwacha na kumrudia. Mwaka 1889 aliandika maelezo hayo kwa Kifaransa pia, na yakafika mbali kuliko ambavyo yangefika kwa Kirusi peke yake.

Fedha za wafanyabiashara

Mwaka huo huo wa 1887 Chuo Kikuu cha Moscow kilifungua kliniki yake ya magonjwa ya akili, na Korsakov akapewa kuisimamia. Jengo hilo halikutokana na hazina ya serikali. Lilijengwa kwa mchango wa Varvara Morozova, binti wa familia ya wafanyabiashara na mjane wa Abram Morozov, tajiri wa viwanda vya nguo. Mumewe aliugua akili na kufariki mwaka 1882, na mjane akaamua kwamba sehemu ya utajiri huo itumike kuwatibu wengine wenye maradhi kama hayo.

Katika hospitali nyingi za wakati ule mgonjwa mkorofi alivalishwa vazi la kumfunga mikono, au alifungiwa peke yake chumbani. Korsakov aliyakataza mavazi hayo, akafunga vyumba vya kuwatenga wagonjwa, akaondoa nondo madirishani na kutundika picha ukutani. Alitaka wodi ifanane na nyumba ya kuishi watu. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mgonjwa wa akili ni mgonjwa kama mwingine yeyote.

Mwaka 1892 alipewa cheo cha uprofesa, na mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha kufundishia tiba ya magonjwa ya akili kilichotumiwa na madaktari wengi wa Urusi.

Alichokosea na alichopatia

Korsakov hakujua chanzo cha kweli cha ugonjwa. Aliamini kuna sumu inayozunguka katika damu na kudhuru mishipa ya fahamu pamoja na ubongo. Hata jina alilolipendekeza mwenyewe lilitaja sumu hiyo. Katika hilo alikosea.

Lakini alipatia jambo moja lililowaponyoka wengi. Aliona kwamba si wagonjwa wake wote waliokuwa walevi. Walikuwamo waliougua baada ya homa kali ya matumbo, wanawake waliopata matatizo baada ya kujifungua, na watu waliotapika kwa muda mrefu. Kwa hiyo pombe haikuwa njia pekee ya kufika huko.

Mwaka 1881, miaka sita kabla ya tasnifu ya Korsakov, Mjerumani Carl Wernicke alikuwa ameeleza habari za watu watatu waliougua ghafla na kufariki. Wawili walikuwa wanaume walevi, na wa tatu mwanamke kijana aliyekunywa tindikali na tangu hapo akawa anatapika. Wote walichanganyikiwa, wakapepesuka walipotembea, na macho yao yakashindwa kwenda sawasawa. Wernicke na Korsakov walikuwa wameshika ncha mbili za kamba moja. Alichokiona Wernicke ni mwanzo wa ghafla. Alichokiona Korsakov ni kile kinachobaki baada ya mwanzo huo kupita bila kutibiwa. Ilichukua miaka mingi kabla ya madaktari kuziunganisha ncha hizo.

Mwaka 1897 Moscow ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa madaktari wa kimataifa, na Korsakov alikuwa miongoni mwa waandaaji. Hapo Mjerumani Friedrich Jolly alipendekeza ugonjwa huo uitwe kwa jina la Korsakov, na wengi wakakubali. Aliyepewa heshima hiyo hakuwa na muda mrefu wa kuifurahia. Moyo wake ulikuwa umedhoofika, na Mei 1900 alifariki dunia. Mwaka uliofuata lilianzishwa Urusi jarida la kitaalamu ambalo bado linatoka likiwa na jina lake.

Siri ilikuwa kwenye chakula

Jibu lilianza kupatikana katika kisiwa cha Java, mbali na vodka ya Moscow. Katika miaka ya 1890, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman aliona kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa walilegea miguu, na waliporudishiwa mchele wenye ganda la ndani walipona. Mwaka 1926 watafiti huko huko Java walifanikiwa kutenga kitu kilichomo katika ganda hilo. Leo tunakiita thiamini, au vitamini B1.

Mwili hutumia vitamini hiyo kugeuza wanga na sukari kuwa nguvu, na ubongo ndio mlaji mkubwa wa nguvu hizo. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Mlevi wa kupindukia huipoteza kwa njia kadhaa kwa mpigo: hali chakula kwa sababu pombe imemshibisha, utumbo wake hauifyonzi vizuri, na ini lililochoka haliwezi kuihifadhi.

Ushahidi mzito ulitoka Singapore wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wafungwa wa kivita walioshikiliwa na Wajapani walikula wali mweupe kidogo, na wengi wakaharisha. Pombe haikuwapo. Hata hivyo madaktari wafungwa, Hugh de Wardener na Bernard Lennox, waliona dalili zile zile za Wernicke. Taarifa yao ya mwaka 1947 ilieleza wagonjwa 52. Waliowahi kupewa thiamini kidogo iliyokuwapo, wengi walipata nafuu.

Inavyopimwa leo

Pamoja na elimu yote hiyo, ugonjwa huu bado unawapita madaktari. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulichunguza watu 131 ambao ubongo wao, baada ya kifo, ulionyesha alama za ugonjwa huo. Wanne katika kila watano hawakuwa wametambuliwa wakiwa hai. Waliokuwa na dalili zote tatu za Wernicke walikuwa asilimia 16 tu. Daktari aliyesubiri dalili zote zikamilike alikuwa amechelewa. Australia iliamua kuanzia mwaka 1991 unga wa ngano wa kuokea mikate uongezwe thiamini.

Kwa sababu hiyo wataalamu walilegeza kigezo. Kwa pendekezo la mwaka 1997, kwa mtu aliyezama katika pombe zinatosha dalili mbili kati ya nne: ushahidi kwamba hali vizuri, macho yasiyokwenda sawasawa au yanayochezacheza, kupepesuka hata akiwa hajanywa, na kuchanganyikiwa au kusahau mambo ya karibuni. Akiwa nazo mbili, atibiwe mara moja. Thiamini hutolewa kwa sindano au dripu, kwa kuwa vidonge peke yake havitoshi kwa mgonjwa wa hali hiyo. Inatakiwa itangulie au iambatane na dripu ya sukari, kwani sukari nyingi humaliza kwa haraka akiba ndogo iliyobaki.

Tatizo ni kwamba dalili hizo zote zinafanana na ulevi wa kawaida. Anayepepesuka na kuropoka nje ya baa ya mpakani hupitwa na watu hamsini, na kila mmoja anajua amekunywa nini: gongo, chang'aa au waragi. Wala si thiamini peke yake ya kuwazia. Mlevi huanguka, na damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu kwa siku au wiki kadhaa. Sukari yake inaweza kushuka ghafla. Ini likishindwa kazi, sumu hupanda kichwani. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo humchanganya mtu. Kwa hiyo daktari makini haandiki neno ulevi mpaka ayaondoe hayo mengine kwanza.

Kumbukumbu nayo ina wakati wake wa kupimwa. Kumuuliza maswali mtu aliye na pombe mwilini, au anayetetemeka kwa kuikosa, hakutoi jibu la kweli. Vipimo kamili hufanywa baada ya wiki kadhaa bila pombe: kutaja maneno machache, kuzungumza mengine, kisha kuulizwa maneno yale tena, kuchora saa ya ukutani, kueleza alichokula asubuhi. Baadhi ya wanaoacha pombe hurudiwa na akili zao kwa kiasi kikubwa katika wiki na miezi ya mwanzo. Kwa waliokwisha kufika kwenye ugonjwa wa Korsakov hali ni ngumu zaidi: wachache hupona kabisa, wengine hupata nafuu ya kiasi, na takriban robo hawapati nafuu yoyote. Ndiyo maana zile siku za mwanzo zina thamani kubwa.

Huyu ni mtu wetu

Dereva aliyekwama siku nne kwenye foleni ya malori, akinywa tu bila kula, hajafika huko. Lakini yule ambaye maisha yake yote yamekuwa hivyo, ambaye sasa anapepesuka hata asubuhi kabla ya kunywa, anayelalamika miguu inawaka moto au imekufa ganzi, anayeona vitu viwili viwili, na ambaye juzi alisahau alikopaki gari kisha akatoa maelezo ambayo hayakuingia akilini, huyo apelekwe hospitali. Asinyimwe pombe ghafla chumbani bila usimamizi, maana mraibu anayeachishwa kwa kushtukiza anaweza kupata degedege na kufa.

Anayempeleka asiishie kusema kwamba amelewa. Aeleze mgonjwa hajala kwa muda gani, anatembeaje, ametapika au kuharisha kiasi gani, ameanguka lini na amegonga wapi, na kumbukumbu imeanza kupotea tangu lini. Mgonjwa mwenyewe hawezi kutoa maelezo hayo, na akijaribu anaweza kusimulia safari ambayo hakuwahi kuifanya. Wanaojua ni wale wanaokaa naye dukani, kwenye lori na nyumbani.

Ugali wa dona, maharage na karanga vina vitamini ambayo mchele mweupe na unga uliokobolewa sana vimepungukiwa nayo. Vinasaidia kumkinga anayekunywa asifike pabaya. Aliyekwisha fika anahitaji sindano.

Wale waliolala katika wodi za Korsakov miaka zaidi ya 130 iliyopita hawakuipata sindano hiyo, kwa sababu haikuwapo. Walichopata ni daktari aliyekaa karibu yao, akasikiliza safari zao zisizokuwapo, na badala ya kuandika kwamba ni waongo akaandika kwamba ni wagonjwa.